Mkimbiaji Afanye Pilates ya Nini?

Katika toleo lililopita niligusia Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya mkekani yanayoimarisha kiwiliwili na kuufundisha mwili kujimudu. Tangu hapo ujumbe umekuwa ukiingia kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Manyoni na Singida. Wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kama tayari nakimbia, nanyanyua vyuma au nashinda shambani, Pilates ya nini tena? Naanza na barua iliyouliza hivyo waziwazi, na ndiyo nitakayoijibu kwa urefu.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 38, naishi Kisasa na nafanya kazi ofisini Mtumba. Niko kwenye klabu ya mbio, tunakimbia alfajiri siku nne kwa wiki, na sasa najiandaa kwa nusu marathoni. Nikifika kilomita ya 12 hivi kiuno kinakaza, na goti la kulia linauma upande wa nje, hasa tunaposhuka kutoka Chimwaga. Nikipumzika wiki mbili maumivu yanaisha, nikirudi barabarani nayo yanarudi. Rafiki amenishauri Pilates. Wenzangu wananicheka, wanasema ni mazoezi ya akina mama. Yatanisaidia, au nitapoteza muda wa kukimbia? — Mkimbiaji, Kisasa

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vyema kuuliza kabla goti halijakulaza nyumbani.

Hao wanaokucheka waambie kwamba aliyeanzisha mazoezi haya alikuwa mwanamume aliyecheza ngumi na jimnastiki. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883. Utotoni alikuwa dhaifu, ana pumu na matege, akajijenga kwa mazoezi. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, na kwa kuwa alikuwa Mjerumani akawekwa kizuizini, hatimaye katika kisiwa cha Man, akaendelea kuuboresha mtindo wake hukohuko. Katikati ya miaka ya 1920 alihamia New York, akafungua chumba cha mazoezi na mwenzi wake Clara. Waliomfuata kwa wingi walikuwa wacheza dansi wa jukwaani, watu ambao riziki yao iko miguuni na kuumia kwao ni sehemu ya kazi. Walimwendea ili warudi jukwaani na wadumu huko. Na wewe uyafanye kwa nia hiyohiyo: ukimbie, na uendelee kukimbia ukiwa na miaka 60.

Sasa tuje kwenye goti. Unapokimbia unatua kwa mguu mmoja kila hatua, na mguu huo hupokea nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kazi ya kuzuia nyonga isiyumbe wakati huo ni ya misuli ya makalio na ya pembeni ya nyonga. Ikichoka, nyonga ya upande wa pili inashuka, paja linaingia ndani, na goti linabeba mzigo usio wake. Kwenye mteremko hali huwa mbaya zaidi, maana misuli inalazimika kufunga breki kila hatua. Ongeza saa nane za kukaa kwenye kiti na safari ya basi ya kwenda na kurudi Mtumba: misuli ya mbele ya nyonga imefupika, ya nyuma imelala, na kiuno kinajipinda ili kufidia. Siwezi kukupima kwa barua, lakini unachonieleza ndicho ninachokiona kila mara kwa wakimbiaji wenye kazi za mezani.

Jipime hivi leo jioni. Tandika mkeka, juu yake weka blanketi lililokunjwa, maana sakafu ya vigae ya Dodoma mwezi wa saba haina huruma. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini kwa upana wa nyonga. Vuta pumzi kwa pua mpaka mbavu zitanuke pembeni. Unapoitoa, nyanyua makalio taratibu hadi mabega, nyonga na magoti viwe katika mstari mmoja. Ukiwa hapo juu, weka viganja kwenye mifupa miwili ya mbele ya nyonga, ile unayoigusa karibu na mkanda wa suruali. Kisha nyoosha mguu wa kushoto mbele, mapaja yabaki sambamba. Usiushushe haraka. Sikilizia viganja vyako. Kama mfupa wa kushoto umezama, au kiuno kimejikunja, au nyuma ya paja la kulia panataka kukakamaa, basi makalio ya kulia hayafanyi kazi yake na wengine wanayafanyia. Badilisha mguu, ulinganishe. Nimewaona wanaume wenye vigimbi vigumu kama jiwe wakitetemeka hapo kabla sijamaliza kuhesabu kumi, nao ndio waliokuja wakiuliza kama zoezi hili lina uzito wowote.

Kipimo hicho ndicho zoezi lenyewe, nalo huitwa daraja. Anza na miguu yote miwili chini, mara nane hadi kumi, ukishusha mgongo kidogokidogo kuanzia juu mpaka kiuno kiguse mkeka. Ukiweza bila kuyumba, ndipo uende kwenye mguu mmoja. Kisha lala ubavu, nyoosha mguu wa juu na kuunyanyua bila kuurusha. Ukijihisi unaegemea nyuma, umeudanganya mwili. Halafu lala kifudifudi, nyoosha mikono mbele, inua mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, badilisha, kama mtu anayeogelea polepole. Malizia na zoezi maarufu la Mia: chali, magoti yamekunjwa na kuinuliwa juu ya nyonga, mikono imenyooka pembeni na kupigapiga hewa kwa mapigo madogo, pumzi ndani kwa mapigo matano na nje kwa matano, mara kumi. Wengi huinua kichwa. Wewe kwa sasa kilaze, shingo ipumzike. Tumbo likitutumka juu badala ya kutulia, weka mguu mmoja chini.

Siku mbili kwa wiki, nusu saa kila moja, zinatosha. Ziweke siku usizokimbia au jioni ya mbio nyepesi, na uache usiku wa kuamkia mbio ndefu. Katika wiki chache za kwanza pia punguza mteremko wa Chimwaga na ufupishe mbio kidogo, chini ya pale maumivu yanapoanzia. Huna haja ya kuacha kabisa. Kuacha na kurudi palepale ndiko kunakokuzungusha.

Pilates peke yake, hata hivyo, haitakupa pumzi ya kilomita 21. Pumzi hiyo utaitafuta barabarani. Wala haichukui nafasi ya mzigo mzito. Mifupa na misuli mikubwa ya miguu inahitaji kuchuchumaa na uzito na kupanda hatua ukiwa na vyuma mkononi, angalau mara moja au mbili kwa wiki. Kuhusu kiuno, mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walizichambua tafiti za Pilates kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini. Walikuta kwamba inasaidia kupunguza maumivu kuliko kutofanya chochote cha maana, ila hawakuona uthibitisho mzuri kwamba inayashinda mazoezi mengine. Kwangu mimi hiyo ni habari njema. Zoezi utakalolifanya kwa utulivu miaka kumi ndilo lenye faida, na Pilates inafanyika chumbani, bila jua na bila vumbi la upepo wetu.

Tuna mfano wa kudumu hapa jirani. Alphonce Simbu wa Singida alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, akaja kutwaa dhahabu Tokyo mwaka 2025. Sisemi siri yake ni Pilates. Sijui ratiba yake na si hoja yangu. Angalia tu hiyo miaka minane katikati. Mwili uliofika Tokyo ni mwili uliotunzwa siku ambazo hakukuwa na kamera.

Kama baada ya wiki sita goti bado linakusumbua, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akakushike na kukuangalia ukitembea. Na usingoje wiki hizo sita iwapo maumivu ya mgongo yanakuja na mguu kupoteza nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu. Hizo ni dalili za kwenda hospitali. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo nchini mwetu, na hakiponi kwa kunyoosha viungo.

Mambo vipi Mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda, miaka 24, kijiwe changu kiko Majengo. Jioni napiga vyuma. Pilates itanipa sikspaki haraka? — Kijana wa Majengo

Poa, mwanangu. Haitakupa haraka, na zoezi lolote la tumbo halitakupa haraka. Mafuta ya tumbo hayachomwi kwa kukunja tumbo. Yanapungua mwili mzima unapotumia nguvu nyingi kuliko unazokula, kwa hiyo tuanze na chipsi za usiku na soda za mchana.

Lakini kuna kitu kinakuhusu zaidi ya hizo sikspaki. Unakaa kwenye pikipiki siku nzima, mabega mbele, shingo imetokeza, barabara ya vumbi inakutikisa. Jioni unakwenda kulala kwenye benchi na kusukuma vyuma vya kifua, yaani unalivuta bega mbele tena. Kila siku kabla ya vyuma, lala kifudifudi, viganja karibu na masikio, inua kifua kidogo tu huku ukivuta mabega kuelekea mfuko wa nyuma wa suruali. Mara nane, polepole, shingo ndefu. Baada ya mwezi utaona hata kunyanyua juu ya kichwa kumekuwa kwepesi.

Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Naimba kwaya na nimekatazwa mazoezi haya na wenzangu, wanasema yana imani ya kigeni ndani yake. Ni kweli? — Dada wa Makole

Amina, dada. Si kweli. Pilates ni jina la ukoo la yule Mjerumani niliyemtaja. Yeye mwenyewe mtindo wake aliuita Kontrolojia, na watu wakauita kwa jina lake. Hakuna sala, nyimbo wala maneno ya kurudia. Ni kupumua na kusogeza viungo kwa mpangilio. Katika ukumbi ninaofundishia, Area C, wapo wanakwaya na wapo akina mama wanaokuja na hijabu zao moja kwa moja kutoka swala ya alasiri. Nawe kama mwimbaji utaipenda kwa sababu ya kupumua kwa mbavu: utajifunza kutanua ubavu na mgongo badala ya kupandisha mabega, na kuitoa pumzi kwa kipimo.

Mwalimu, naomba usiandike jina langu. Nina miezi mitano tangu nijifungue mtoto wa pili kwa njia ya kawaida. Nikiinuka kitandani tumbo linachomoza katikati, na nikipiga chafya au kuruka kamba mkojo unanichuruzika. Sijamwambia hata mume wangu. Mwalimu wa jimu ananitaka nikunje tumbo mara mia kila siku, anasema ni uvivu. — Mama, Ilazo

Pole, mama. Huo si uvivu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu wanawake wengi hunijia na jambo hili baada ya miaka, wakiwa wameshaacha kucheza ngoma kwenye harusi za ndugu zao kwa woga wa kulowana. Kuvuja mkojo baada ya kuzaa hutokea kwa wengi, lakini si mzigo wa kubeba maisha yote. Unatibika, na mara nyingi kwa mazoezi.

Kwanza, acha hizo mia. Wakati wa ujauzito misuli miwili ya mbele ya tumbo hutengana ili mtoto apate nafasi. Ikiwa bado haijarudi, kujikunja kwa nguvu kunasukuma tumbo nje na kuikandamiza chini misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo ndiyo inayozuia mkojo. Jipime: lala chali na magoti yamekunjwa, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa kidogo tu. Kama vidole viwili au zaidi vinazama katikati, au unaona mwinuko wa mstari, misuli bado imeachana. Kama kuna uvimbe kitovuni unaouma, huenda ni ngiri, akuone daktari.

Kisha anza na sakafu ya nyonga. Ukiwa umelala, toa pumzi, na unapoitoa vuta kwa ndani na kwenda juu kana kwamba unazuia hewa na mkojo kwa pamoja. Makalio yatulie, mapaja yatulie, uso utulie. Shikilia kwa kuhesabu tano huku ukipumua, halafu achia kabisa. Kuachia nako ni zoezi. Mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Usijizoeze kwa kukata mkojo ukiwa chooni. Ukishaushika mvuto huo, uambatanishe na daraja nililomweleza mkimbiaji, na kila unapomnyanyua mtoto au ndoo: toa pumzi, vuta, ndipo unyanyue. Kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza ujisukume kwa mkono. Kamba na kukimbia vitafuata baadaye, utakapoweza kupiga chafya ukiwa mkavu. Omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ikiwezekana mwanamke kama utakuwa huru zaidi. Kama chini unahisi uzito, kama kitu kinataka kutoka, usisubiri.

Na mume wako mwambie. Atakubebea ndoo angalau kwa miezi hiyo mitatu.

Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 67, nina shamba la zabibu Mpunguzi. Nina presha, natumia dawa. Binti yangu ananihimiza nifanye Pilates kwa simu yake, lakini naona kazi za shamba zinanitosha. Mgongo huwa unaniuma msimu wa palizi tu. — Mama wa Mpunguzi

Shikamoo mama. Shamba ni mazoezi halisi, asikudharau mtu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na wewe msimu wa kazi unazipita kabla ya Jumatano. Lakini shirika hilohilo linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya usawa wa mwili na ya nguvu, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Jembe halikufundishi kusimama kwa mguu mmoja, na linakuinamisha upande uleule siku nzima.

Kwa hiyo nakuomba uchukue mpini wa jembe, bila jembe lenyewe. Uweke mgongoni, usimame wima, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Shika kwa mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine kiunoni. Sasa legeza magoti kidogo, rudisha makalio nyuma na uiname, mpini ubaki umegusa sehemu zote tatu. Ukiachia kisogo au makalio, umeinama kwa uti wa mgongo. Rudia mpaka mwili uelewe, kisha uende nalo hilo kwenye palizi. Wanafunzi wangu wakulima wanashangaa jinsi mikunjo ya nyonga inavyoweza kuinama bila kiuno kulalamika.

Ongeza haya matatu: kusimama umeshika ukuta na kuinuka kwa ncha za vidole, kupiga magoti na viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, na kuinuka kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara nane au kumi. Usizuie pumzi hata mara moja, kwa sababu ya presha. Na zile za kwenye simu ambapo mtu anajiviringisha mgongo kama mpira au kujikunja kwenda mbele kwa nguvu, ziache. Baada ya ukomo wa hedhi mifupa hupungua uzito, na mgongo uliopungua unaweza kuvunjika ukikunjwa hivyo. Ikiwa umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, mwambie daktari wako kwanza.

Mwalimu, nimeona mtandaoni vitanda vya chuma vyenye springi. Ni lazima niwe navyo? Na nikifuata video tu inatosha? — Msomaji, Singida mjini

Si lazima. Vile vitanda alivibuni Pilates mwenyewe, na springi zake humsaidia mgonjwa au kumwongezea mwenye nguvu ugumu, lakini ni ghali na vinataka chumba. Mwaka 1945 alichapisha mpangilio wa mazoezi 34, na yote ni ya mkekani. Tafuta mkeka mzito kidogo, taulo la kuweka chini ya kichwa na ukuta.

Video ni nzuri ukishajua mwili wako unafanya nini. Mwanzoni tafuta mtu wa kukuangalia, hata vipindi vichache tu, kwa sababu simu haiwezi kukuambia kwamba nyonga imezama. Ukikosa mwalimu karibu, mwombe mwenzako akupige picha ya ubavuni ukiwa kwenye daraja, kisha linganisha mstari wa bega, nyonga na goti. Mwalimu utakayempata muulize alisomea wapi na amewahi kuwashughulikia watu wenye tatizo kama lako. Kama anawapa watu wote zoezi lilelile kwa kasi ileile, bila kumuuliza yeyote anaumwa nini, tafuta mwingine.